Kifuniko Bila Kibuyu

Jikoni kwa shosho, hapa Dundori, kuna kifuniko kimening'inia kwa msumari kando ya dirisha. Ni cha ngozi, kimeshonwa juu ya kipande cha kibuyu kidogo, na moshi wa miaka umekifanya kiwe cheusi kama sufuria ya githeri. Kibuyu chenyewe hakipo. Kilipasuka kabla sijazaliwa.

Alikipata akiwa msichana, wakati wazazi wake walikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu upande wa Solai. Rafiki yake Mkalenjin alimpa kikiwa kimejaa mursik, akamwambia arudishe kikiisha. Halafu familia moja ikahamishwa, nyingine ikabaki, na hakuna aliyerudisha chochote. Shosho aliolewa nacho, akaja nacho huku wakati watu walikuwa wanachanga pesa kwa makampuni ya ardhi kununua mashamba ya walowezi. Siku moja kikaanguka.

"Shosho, kwani hii bado unaiwekea nini?" nilimuuliza.

"Naiweka tu."

Baada ya muda akaongeza, "Nilijaribu kuiweka kwa kibuyu kingine. Ikakataa."

Chini ya dirisha hilohilo kuna kopo la zamani la rangi, na ndani yake kumejaa vifuniko vya mitungi: vya njano, vyekundu, vyeusi, vingine vimeng'atwa na panya. Ukichukua kimoja bila kuangalia, kitaingia kwa mtungi wa lita 20 ulio karibu. Hakiulizi ulitoka duka gani.

Nimekuwa nikiwaza kuhusu hivi vifuniko viwili, cha ngozi na cha plastiki, tangu nilipopewa kazi ya kuandika maneno 800 ya Kiingereza kuhusu chupa za karatasi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipokataa kabisa, na tangu hapo nakula kwa kuandikia watu vitu ambavyo sijawahi kuviona. Mteja huyo alitaka nisifie chupa iliyofinyangwa kwa nyuzi za karatasi, yenye kifuniko cha kuzungusha ambacho mtu anaweza kukitumia tena na tena. Niliandika, nikalipwa, nikasahau jina la kampuni. Lakini swali lilibaki, juu mathe anauza maziwa lala hapa senta, na kila nusu lita inatoka na chupa mpya ya plastiki ambayo ameinunua mjini. Siku mbaya, chupa inakula faida yote. Na baada ya wiki unaikuta hiyo chupa kwa shimo la viazi la jirani.

Kwa hivyo hii ndiyo ile makala nyingine, ambayo hakuna aliyeniagiza.

Tuanze na kibuyu, kwa sababu ndicho chupa ya kwanza ya nyuzi kwenye hizi milima. Mmea unatambaa, unazaa tunda, tunda linakauka mpaka ganda linakuwa kama mbao nyembamba. Mkulima mjanja hakungoja bahati: tunda likiwa bado changa, alilifunga kamba mahali alipotaka shingo, na likakua likiwa na umbo hilo. Hiyo ni kufinyanga, ila kiwanda ni shamba na inachukua msimu mzima. Kule Kitui, akina mama wa kikundi cha Kyanika walikusanya aina za vibuyu na mbegu zake ili visipotee, na ukiona wingi wa maumbo unaelewa kwamba kila umbo lilikuwa jibu la kazi fulani: cha maji, cha uji, cha pombe, cha mbegu, cha maziwa.

Ganda peke yake halikutosha. Nyuzi za mmea hunywa maji, na maziwa yakiingia kwenye ganda yanaoza humo. Wakalenjin walipata dawa: wanachoma kijiti cha mti kama senetwet, wanasugua ndani ya kibuyu kwa makaa yake mpaka ukuta unakuwa mweusi, halafu ndipo wanamwaga maziwa yalale. Makaa yanapunguza harufu mbaya, yanatia ladha, na yanaweka tabaka kati ya maziwa na ganda. Wamaasai nao huchoma kijiti cha oloirien, mzeituni wa mwituni, wakasafishia kibuyu kwa moto na moshi. Mhandisi wa leo angeliita hilo tabaka la kuzuia unyevu, akaliombea hataza.

Mdomoni ndipo palikuwa na kazi kubwa. Kila kibuyu kina mdomo wake, hakuna viwili sawa, kwa hivyo kila kifuniko kilikatwa na kushonwa kwa kupimia kibuyu kimoja. Kwa jamii nyingine kifuniko hichohicho ndicho kikombe cha kunywea. Kibuyu kikipata ufa mdogo, kilishonwa kwa uzi wa ngozi na kuendelea na kazi. Lakini kikivunjika kabisa, kifuniko kinabaki mjane. Ndiyo maana cha shosho kiko kwa msumari.

Ugonjwa huo wa kila mdomo na kifuniko chake haukuwa wetu peke yetu. Ulaya na Marekani pia watu walihifadhi vyakula kwa mitungi ya kioo iliyozibwa kwa gome, nta au kitambaa, na kila mzibaji alikuwa fundi wa bahati yake. Tarehe 30 Novemba 1858, mhunzi wa mabati wa New York aliyeitwa John Landis Mason alipewa hataza ya mtungi wa kioo wenye mikunjo ya parafujo shingoni. Parafujo yenyewe ilikuwa ya kale. Mason alichofanya ni kupata njia ya kutengeneza mikunjo kwenye kioo kwa namna ambayo kifuniko cha zinki kingeshuka sawasawa na kuziba. Tangu hapo mtungi uliweza kuvunjika na kifuniko kikahamia kwa mwingine. Hataza ilipoisha, viwanda vingine vilitajirika kwa wazo lake. Yeye alikufa maskini, mwaka 1902.

Parafujo ilifika jikoni kwa shosho kwa njia ndefu. Mwaka 1937 Wajerumani walibuni mtungi wa chuma wa lita 20 wa kubebea mafuta ya vita. Wao hawakuupa kifuniko cha kuzungusha bali cha kubana kwa wenzo. Waingereza, ambao makopo yao yalikuwa yakivuja jangwani, waliiteka mitungi hiyo, wakaiiga na kuipa jina la utani walilowaita Wajerumani, Jerry. Wamarekani walipounda wa kwao wakaweka kifuniko cha parafujo. Vita ikaisha, plastiki ikaja, na umbo lilelile likarudi kwetu likiwa la njano, limejaa mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, mtungi unaanza maisha yake halisi: maji, mafuta taa, maziwa, busaa, na mwishowe unakatwa katikati uwe karai la kuku.

Mtungi una ugonjwa mmoja, na kila mtu hapa anaujua: kifuniko hupotea. Ukipoteza unaziba kwa gunzi la mahindi, kwa kiazi kilichochongwa, au kwa nailoni iliyokunjwa. Kwa sababu hiyo kukazuka biashara ambayo hakuna profesa aliyeipanga. Nenda duka lolote la vyombo vya plastiki, uulize kifuniko cha mtungi pekee. Kipo, kwa bei yake. Juzi nimenunua kimoja kwa bob 20. Sikuulizwa mtungi uko wapi.

Hilo nitalirudia. Kwanza maziwa.

Walowezi walipounda KCC mwaka 1925, kiwanda chao cha kwanza kikiwa Naivasha, maziwa ya Bonde la Ufa yaliacha kuwa kitu cha kulala kwenye kibuyu, yakawa bidhaa ya kusafirishwa. Yalisafiri kwa mikebe ya chuma yenye vifuniko vizito, na yalikuwa ya ng'ombe wa wazungu. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa ng'ombe wa gredi mpaka mipango ya ardhi ya miaka ya 1950, ule wa Swynnerton wa 1954 hasa. Baada ya uhuru, wakulima wadogo wa pande hizi wakaingia kwenye mfumo huo, mkebe mmoja mmoja, kwa punda na kwa baiskeli.

Kisha mwaka 1979 Moi akatangaza maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na mpaka leo akisema "maziwa ya Nyayo" anatengeneza pembetatu kwa vidole. Pakiti hiyo ilizaliwa Uswidi. Erik Wallenberg aliwaza umbo lake mwaka 1944 akifanya kazi kwa Ruben Rausing, na kampuni ya Tetra Pak ikaanzishwa mwaka 1951. Ni wazo zuri ajabu: unachukua bomba la karatasi, unalijaza maziwa, unalibana huku kwa mlalo na kule kwa wima, na unapata chombo chenye pembe nne bila kupoteza karatasi.

Ila haikuwa na kifuniko. Ukiikata pembe kwa meno, umeamua kunywa yote. Kwa mtoto shuleni hilo halina neno, anamaliza hapohapo. Lakini pakiti ikishafunguliwa imekufa, na karatasi yake ilikuwa imebandikwa plastiki kiasi kwamba huwezi kuiloweka ikarudi kuwa karatasi. Shosho alipata kazi yake ya pili: alizijaza udongo, akapanda miche ya miti. Miche ikaenda shambani, pakiti zikabaki ardhini. Bado unazilima ukichimba nyuma ya zizi.

Kwa wakati huohuo kulikuwa na chombo kingine kilichofanya kinyume, na bado kipo. Soda ya chupa. Ukienda kununua bila chupa tupu, mwenye duka anakuangalia kama mwizi, ama unaacha deposti. Chupa inarudi kwa kreti, inaoshwa, inajazwa. Kinachotupwa ni kizibo cha bati, kile alichokibuni William Painter kule Baltimore mwaka 1892. Mwili unabaki, mdomo unakufa. Watoto wa hapa tumechezea draft na hivyo vizibo.

Ukiviweka vyombo hivi kwa meza moja utaona kitu. Kwa kibuyu, mwili na kifuniko vilikusudiwa kuishi pamoja, na kimoja kikifa kingine hakina kazi. Kwa pembetatu, vyote vilikufa siku moja. Kwa soda, mwili huishi na kifuniko hufa. Iko njia ya nne ambayo hatujaijaribu kwa makusudi: mwili ufe, kifuniko kiishi. Hiyo ndiyo niliyolipwa kuisifu bila kuielewa.

Mwili wa kufa tayari tunaujua. Ni trei ya mayai. Mwaka 1911, huko British Columbia nchini Kanada, mwenye gazeti aliyeitwa Joseph Coyle alichoka kusikia mkulima na mwenye hoteli wakigombana juu ya mayai yanayofika yamevunjika, akabuni kiboksi cha karatasi chenye nafasi ya kila yai. Kabla yake, Martin Keyes wa jimbo la Maine alikuwa ameanza kufinyanga sahani kwa uji wa nyuzi za mbao. Mawazo hayo mawili yakikutana unapata ile trei ya kijivu ya mayai 30 ambayo mathe hupima nayo utajiri wa mtu.

Inavyotengenezwa si siri. Karatasi taka zinalowekwa na kupondwa mpaka ziwe uji. Kalibu ya wavu inazamishwa ndani, hewa inafyonzwa kutoka nyuma, maji yanapita na nyuzi zinashikamana juu ya wavu. Unabandua, unakausha. Hakuna gundi: nyuzi zenyewe zikikauka zinashikana. Ikichakaa unairudisha kwa maji, inakuwa uji tena. Kila mzunguko nyuzi zinakuwa fupi kidogo, kwa hivyo haiwezi kurudi milele, lakini inaweza kurudi mara kadhaa, na mwisho wake shambani ni mbolea. Ukiitupa kwa shimo la viazi, viazi havilalamiki.

Sasa kwa nini chupa si rahisi kama trei? Niliamua kujua kwa mikono. Nilichukua trei mbili kuukuu, nikaziloweka usiku kucha, nikaziponda kwa kinu. Nikachukua kifuniko cha mtungi, nikakipaka mafuta ya kupikia, nikashindilia uji ule ndani yake ili mikunjo ijichore. Dundori ni baridi na ukungu, nikakiweka kando ya jiko. Kikachukua siku nne. Nilipokizungusha kutoa, mikunjo ilikuwa imetokea, mizuri kabisa. Nikamwita mathe. Halafu nikakirudisha kifuniko, kikazunguka bure, kinacheza kama kiatu cha baba kwa mguu wa mtoto.

Nyuzi zikikauka hunywea. Hiyo sentensi moja ndiyo inayowasumbua watu wenye mamilioni. Parafujo inataka vipimo kamili, karatasi haitaki kupimwa. Jaribio la pili nilikikausha huku nimekishindilia kwa jiwe zito, kikakaa vizuri zaidi. Wenye viwanda hufanya hivyo kwa kalibu ya chuma yenye moto, inayobana na kukausha kwa pamoja. Lakini nilipokifungua na kukifunga kama mara 30, kingo za mikunjo zikaanza kutoa manyoya. Karatasi inashika vizuri mara chache. Haikuumbwa kusuguliwa kila siku.

Na bado kuna unyevu. Mwaka 2022 Carlsberg walijaribisha chupa 8,000 za nyuzi barani Ulaya, na ndani yake kulikuwa na tabaka la plastiki itokayo kwa mimea, kwa sababu bia ingelainisha ukuta. Kampuni ya Paboco ya Denmark, iliyo kwenye kazi hiyo, imepitia njia hiyohiyo: ganda la nyuzi nje, tabaka jembamba ndani. Nikisoma hayo nasikia harufu ya senetwet. Ni tatizo la kibuyu, limerudi likiwa limevaa koti la maabara.

Lakini kuna kitu ambacho jaribio langu bovu limenifundisha, na nadhani historia hii yote inakisema. Makosa ni kutaka mwili na mdomo viwe na umri mmoja. Mwili wa nyuzi unaweza kuwa mwepesi, wa bei ya chini, wa kutumika mara moja au tano. Sehemu inayosuguliwa, yaani mikunjo, isiwe ya karatasi. Iwe pete ngumu inayobana shingo kutoka nje, bila gundi, pamoja na kifuniko chake. Mwili ukichoka unabandua pete na kifuniko, unavipeleka kwa mwili mpya, na karatasi inarudi kwa beseni ikiwa safi, bila plastiki ya kuchambua. Na pete ziwe na kipimo kimoja, kama mitungi, si kama vibuyu.

Sidai hii ni ya maziwa lala ya mathe, si kesho. Ningeanza na vitu vikavu: mbegu za karoti, unga wa wimbi, majani ya chai, vitu ambavyo vinahitaji kufungwa na kufunguliwa mara nyingi ila havilowanishi ukuta. Vya majimaji vingengoja tabaka la maana.

Kuna wanaosema sheria itatusaidia. Imesaidia. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na adhabu haikuwa mchezo: faini ya milioni 2 hadi 4, au jela mwaka 1 hadi 4. Rwanda walitutangulia mwaka 2008. Nilikuwa shule ya upili, na tulishangaa miti ya kando ya barabara ilivyobaki bila matambara. Lakini chupa hazikuguswa, na sheria ya taka ya 2022, inayomtaka mtengenezaji abebe mzigo wa alichokiuza, inamhusu mwenye kiwanda zaidi kuliko mama wa maziwa. Chupa za mathe bado zinaenda shimoni, na zile za mjini zinaenda Gioto, ambako watu wanaziokota kwa kilo.

Ndiyo maana narudi kwa ile bob 20. Mfumo wa deposti wa soda unafanya kazi kwa sababu chupa tupu ina bei ambayo kila mtu anaijua. Kifuniko cha mtungi nacho tayari kina bei, kinauzwa bila mwili wake, na hakuna anayekitupa. Angalia lile kopo la shosho. Hakuna aliyemfundisha kutunza vifuniko. Anavitunza kwa sababu anajua vitaingia mahali. Tabia ambayo makampuni ya ng'ambo yanalipa watu kama mimi tuiombe kwa maneno 800 iko hapa, imekaa chini ya dirisha. Kinachokosekana ni mwili wa bei nafuu wa kuufunika, na kipimo kimoja ambacho watengenezaji watakubaliana.

Jaribio la tatu liko kando ya jiko ninapoandika. Safari hii sijafinyanga mikunjo. Nimekata shingo ya mtungi uliopasuka, nikaibana juu ya kikopo cha uji wa karatasi kingali kibichi, nikakaza kwa waya. Shosho alikuja kuangalia, akakigonga kwa ukucha, akakinusa. Akaniuliza kama nimekisugua makaa ndani. Nikasema bado.

"Sasa kitashika nini?" akasema, akaenda kutafuta kijiti.

Kifuniko cha ngozi alikiacha kwa msumari. Cha njano alikitoa kwa kopo, akakizungusha juu ya kikopo changu ambacho hakijakauka, na kikafunga.